Mkato wa Kwanza

Lituhi,
14 Januari 2023

Mama Sumaiya,

Habari za Mbinga na habari za duka. Mimi ni mzima kwa kuwa napumua, mengine usiulize. Naandika kwa mkono na kumpa kondakta wa basi kwa sababu simu yangu imeungua pamoja na karakana, na ya jirani siitaki. Nikiongea kwenye simu yake, anasikiliza mpaka anajibu yeye.

Umeshasikia, najua. Mbinga mnayasikia ya huku kabla hatujayatenda. Ildefonsi na shemeji zake walinikuta peke yangu, wakanivunja mbavu mbili kwa taruma, ubavu wa boti niliouchonga mwenyewe, kisha wakamwaga petroli. Kisa ni boti la chama cha wavuvi wa usipa. Kazi nilipewa mimi, yeye aliitaka. Sikatai kwamba nilikuwa nimeshampasua kichwa mwezi wa kumi na moja. Lakini kichwa kinashonwa. Randa ya baba haishonwi, wala tezo ya kuchongea mbao, wala patasi alizoachiwa na bruda Mjerumani wa misheni. Chuma kikishaungua namna ile hakishiki makali tena.

Nimenunua patasi mpya za dukani, zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Zimekutana na mninga siku moja tu, zimejikunja. Nasikia kaka yako Abdulmalik yuko Japani anapakia magari. Naomba anitafutie vifaa vya mkono vilivyotumika, vya fundi wa kweli aliyekufa au aliyezeeka, kwa bei ambayo haitaniuzisha shamba. Misumeno miwili, randa, patasi za upana tofauti, na kinoo. Mashine sitaki, umeme wenyewe huku unakuja kutusalimia tu.

Nipatie kabla ya baridi. Chama wamekubali kuningoja mpaka hapo. Kama sijakata mkuku, ule ubao wa chini unaobeba boti zima, mwezi wa sita, kazi inakwenda kwa Ildefonsi na mimi nitabaki kuchonga vigoda. Na unajua desturi yetu tangu kwa marehemu baba: msumeno mpya unakatia mkuku mbele ya watu wote, fundi anaelekea ziwani, na hakuna anayefungua mdomo mpaka ubao uanguke. Anayesema analivunjia boti mgongo, na waliopanda humo tunawaokota ufukweni.

Siwezi kuchekwa mara ya pili kwenye ufukwe huu. Atakayesababisha nichekwe tena nitamuua, na nimeandika kwa mkono wangu.

Fundi Othmar


Mbinga,
6 Juni 2023

Fundi Othmar,

Shikamoo. Pole na mbavu, pole na moto, na samahani kwa kimya. Meli haina haraka ya fundi.

Vifaa vimefika. Abdulmalik anasema huko wazee maseremala wakifa, wajane wao wanaviuza kwa rundo kwenye magulio ya vitu vya zamani, na vijana wa huko wanavipita kama mawe. Yeye anaokota, anavifunga magunia ya mchele na kuvisukumia kwenye buti za magari yanayokuja Dar. Ndiyo maana bei yako ni ndogo, umesafirishiwa na gari la mtu mwingine. Patasi zake nimeziona mwenyewe, chuma kigumu kimebebwa mgongoni na chuma laini. Mume wangu alikwangua nayo kucha, nusura aondoke na kidole.

Mimi nipo ndani na uzazi, nimejifungua mtoto wa kiume na arobaini haijaisha. Basi atakuja mume wangu mwenyewe, Thabiti. Atafika Ijumaa jioni, na nakuomba umpe muda mkae wawili kabla ya siku yako ya mkuku. Misumeno hii ina namna yake, si kama ya kwetu. Thabiti ameijaribu hapa uani mpaka akaielewa. Ningekuandikia, lakini mwanamke muuza misumari kumwandikia fundi mkubwa jinsi ya kushika msumeno ni utovu wa adabu, na wewe nakujua, ungeichana barua. Mwanamume mwenzako akikuonyesha faraghani haitakuwa aibu.

Msikilize, fundi wangu. Yeye ni mtaratibu, maneno yake hutoka polepole kama maji ya mtungi.

Msalimie mkeo Hedwiga. Mwambie khanga yake nimemwekea.

Wako,
Biubwa


Lituhi,
Jumapili, 11 Juni 2023

Mama Sumaiya,

Marahaba. Hongera ya mtoto. Hapo ndipo zinapoishia hongera.

Umeniuzia bati. Jana watu wote wa ufukwe huu, chama chote, mpaka wanafunzi, wameshuhudia msumeno wako ukijikunja na kukatika mikononi mwangu kabla sijaingia hata unene wa kidole. Na Ildefonsi alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Meno yake niliyaona tangu Ijumaa. Yameinama upande wa mpini. Nikasema Mjapani aliyeunoa alikuwa amelewa, nguvu zangu zitamnyoosha. Mumeo alianza kuniambia, "Fundi, misumeno hii ina namna yake," nikamkatiza. Nimeshika msumeno kabla sijashika kalamu. Muuza duka atanifundisha nini? Nikamwambia kula mbasa wako, ulale.

Lakini msumeno haukukatika kwa meno. Umekatika kwa mdomo wa mumeo. Watu kimya, ziwa kimya, mimi nimepiga magoti nasukuma, mara nasikia nyuma yangu, "Fundi, si hivyo!" Alisema. Katikati ya mkato wa kwanza! Na papo hapo bati likalia, likajipinda, kipande kikanirukia na kunichana shavu. Boti limelaaniwa kabla halijazaliwa. Mwenyekiti wa chama anasema watafikiri upya.

Nilikasirika. Nilimsukuma kidogo, kama mtu yeyote angefanya. Wengine nao walimfokea. Kisha akaondoka kwa miguu yake kuelekea stendi, na nadhani sasa hivi yupo kwako anakunywa chai na kunisema.

Umbakishe huko huko. Na uniambie ukweli, Ildefonsi alikuahidi nini?

Othmar


Mbinga,
13 Juni 2023

Fundi Othmar,

Thabiti hajafika.

Basi la Jumamosi lilikuja bila yeye, la Jumapili vilevile, na jana vilevile. Simu yake haipatikani. Kondakta anasema hakumpandisha. Wadogo zake wawili wamekaa sebuleni kwangu tangu asubuhi, na mimi nazunguka na mtoto begani natafuta la kuwaambia.

Ulimsukuma vipi? Akaangukia wapi? Nani mwingine alimgusa? Sitaki kesi, namtaka mume wangu. Nitajie hata mtaro.

Ildefonsi sijawahi kumuuzia hata msumari. Na kwa kuwa adabu zangu zimetufikisha hapa, leo nakuandikia bila adabu. Ule msumeno haukati kwa kusukuma. Unakata kwa kuvuta. Mjapani anakaa, anauvuta kuja kifuani, taratibu, ndiyo maana meno yanatazama mpini na bati lake ni jembamba. Ukiusukuma unakunjika, hata ungekuwa mpya kutoka kiwandani. Hakuna laana hapo.

Hilo ndilo alilokuja kukuambia Ijumaa ukamfukuza akalale. Hilo ndilo alilotaka kukuambia Jumamosi. Alijua desturi yenu, nilimweleza mwenyewe. Akaona afadhali avunje desturi kuliko uchekwe.

Nijibu leo leo.

Biubwa


Lituhi,
15 Juni 2023

Mama Sumaiya,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Sijui mumeo alipo. Huo ni ukweli wangu wote, na ni mbaya kuliko uongo wa kwanza. Sikumsukuma. Nilimpiga. Nilipomwacha alikuwa chini na watu walikuwa juu yake. Nikaenda kunywa. Niliporudi ufukweni hakuwepo. Nimepita vichaka vyote mpaka mtoni, nimemuuliza kila mwenye mtumbwi. Wananitazama usoni na kusema hawajui.

Ule msumeno wa pili upo. Nimeushika, nimeyapapasa yale meno, na kweli yanaita mkono uje. Mtu ninayejiita fundi. Nimejisikia mdogo.

Sijaukatia kitu, hata kuni. Chama wamenipa nafasi moja ya mwisho. Jumamosi hii, jua likiwa limepanda, nitakata mkuku pale pale, mbele ya watu wale wale, kwa kuvuta. Nikishinda, nitasimama niseme kwa sauti kwamba Thabiti alikuwa sahihi, kila mtu asikie, na Ildefonsi asikie. Halafu nitakuja Mbinga kwa miguu yangu, mnifanye mnalotaka.

Usinipe pole.

Othmar


Lituhi,
15 Juni 2023

Mama Sumaiya,

Salaam. Mimi ni Hedwiga, mke wa Othmar. Naomba usikae na barua hii mbele za watu.

Mumeo yupo hai. Yupo hospitali ya misheni, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Hakuwa na fahamu mpaka jana, na simu yake ilikanyagwa, namba yako sina. Leo asubuhi amefungua jicho moja. La pili daktari anasema halipo.

Nitakuambia kama ilivyokuwa, maana ingekuwa wangu ningetaka kuambiwa. Msumeno ulipokatika, Othmar aligeuka akiwa ameshika tezo. Alimpiga kwa kisogo cha tezo hapa kwenye taya. Taya lilitoka mahali pake, nililisikia. Thabiti alitaka bado kusema, mkono wake unaonyesha hivi, kuja kifuani, kuja kifuani. Nilidhani anaomba Mungu. Othmar akampiga tena. Kisha mmoja akapiga kelele kwamba ametumwa kuliua boti, na wanaume wakaingia na viatu vyao. Ni watu ninaowajua. Mmoja alisimamia ubatizo wa mwanangu.

Waliponawa mikono ziwani na kuondoka, nilimfunika kwa nyavu, nikamwita mama mkwe wa mchungaji, tukampeleka kwa bajaji. Othmar hajui. Nilimficha kwa sababu Jumamosi usiku alirudi akiwa amelewa, akaniuliza mbona sura yangu imekuwa hivyo, nikasema umemwonea yule mtu. Jino la mbele limetoka. Si mara ya kwanza, ila mara hii lilitoka zima.

Njoo umchukue mumeo. Nakuomba kitu kimoja, usije na wanaume. Nimeshachoka kufua damu za wanaume.

Hedwiga


Mbinga,
Jumamosi, 17 Juni 2023, asubuhi

Hedwiga dada yangu,

Barua zenu zote mbili zimenifikia jana jioni kwenye mfuko mmoja. Nilisoma yako nikapiga kelele. Wadogo zake Thabiti wakaja, wakaniuliza, nikawasomea. Nisikufiche. Niliwasomea kwa sauti, mpaka pale pa taya, mpaka pale pa jicho, na nilipokuwa nasoma nilitaka wasikie. Kisha wakaichukua ya Othmar, wakasoma wenyewe wapi atakuwa leo na saa ngapi. Mumeo kawaelekeza.

Alfajiri wameondoka na mapanga kwenye pikapu. Wamepitia Maguu kwanza kumchukua mjomba wao, na huko ni mbali na njia yenu, kwa hiyo mtu wangu wa boda akikaza atawatangulia. Nimewapigia, simu wamezima. Polisi sijawapigia. Nimeishika simu mara nyingi nikashindwa, ni ndugu wa mume wangu, na huyu mtoto ni damu yao.

Mtoe Othmar pale. Mwambie apande mtumbwi, aende Chiwanda, avuke mpaka, aende popote. Nimewaza jicho la mume wangu usiku kucha na bado nakuambia mtoe. Asubuhi nimeona sitaki tena.

Mimi nakuja nyuma na mama yangu na mtoto. Arobaini au si arobaini.

Kimbia.

Biubwa


Lituhi,
Jumapili, 2 Julai 2023

Mama Sumaiya,

Pole na kuuguza. Nimesikia mmemhamishia Thabiti Songea na kwamba anakunywa uji kwa mrija. Namshukuru Mungu. Siku uliyokuja kumchukua hatukuongea, wewe ulikuwa na mgonjwa wako na mimi nilikuwa na maiti yangu. Sasa nimetulia kiasi, naandika.

Barua yako ilinifikia. Mtu wa boda alikaza kweli, alifika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Niliisoma mlangoni, nikaacha sufuria jikoni, nikakimbia ufukweni. Shemeji zako walikuwa bado hawajafika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Nilikuwa na muda.

Watu walikuwa wameshajipanga. Othmar amepiga magoti juu ya ubao wa mkuku, uso ziwani, mgongo kwetu. Alikuwa ameshaanza. Alikuwa anavuta, kama ulivyomwandikia, anauleta msumeno kifuani taratibu, na mninga ulikuwa unakubali. Unga mwekundu unamdondokea gotini. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumwona anafanya kazi kwa upole namna ile. Nilisimama nyuma yake, barua mkononi. Nikafungua mdomo. Ulimi ukagusa pengo la jino. Nikaufunga.

Pikapu ilisimama nyuma ya vichanja vya usipa. Wakashuka watatu. Mapanga hawakuyaficha. Kila mtu aliwaona, mwenyekiti wa chama aliwaona, Ildefonsi aliwaona akafunga mikono kifuani. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wameona juma lililotangulia aliyesema alifanywa nini, na wengi wao ndio walioyafanya. Wale watatu wakapita katikati yetu, sisi tukawapisha njia kama watu wanaopisha padri.

Panga la kwanza lilimpata begani. Hakugeuka. Nadhani alifikiri ni ubao. La pili lilimpata shingoni, na hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba wana sauti, wakaanza kupiga mayowe na kukimbia. Mimi nilibaki. Alikuwa amelala juu ya mkuku, macho wazi. Nikamwita jina.

Tulimzika Jumatatu. Ildefonsi alileta mchele. Boti sasa analitengeneza yeye.

Polisi walipokuja kuuliza kwa nini umati mzima haukumwambia mtu mmoja ageuke, wazee walijibu kwamba ni desturi ya mkato wa kwanza, na polisi wakaandika desturi. Waliohusika hakuna aliyewatambua. Nami nilikuwepo, nikatikisa kichwa kama wenzangu.

Lakini wewe nisikudanganye. Sikunyamaza kwa desturi, na haikuwa hofu peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka. Kwa muda ule mfupi, nikiutazama ule mgongo, nilitaka akatwe. Halafu akakatwa, nikamtaka tena, nikamtaka na hasira zake na ulevi wake, na ilikuwa imeshapita. Alikuwa ameahidi kusimama aseme Thabiti alikuwa sahihi. Angesema, namjua, kwa kiburi chake angesema.

Kesho nakwenda polisi. Nitawataja shemeji zako na mjomba wao, nyuso zao niliziona. Nitawataja wale waliompiga mumeo mateke, ambao naishi nao ukuta kwa ukuta na ambao watajua ni mimi. Nitasema pia kwamba nilikuwa na barua mkononi na nilinyamaza. Padri ameniambia ningoje mioyo itulie. Nimemjibu kwamba huku kwetu mioyo ikitulia ndiyo tunasahau, halafu anapigwa mwingine.

Wewe ulinitumia mtu wa boda ili mume wangu apone, na mimi nakurudishia kwa kuwafunga baba wadogo wa mtoto wako. Najua. Utanichukia, una haki.

Barua hii nampa yule mtu wa boda aifikishe leo leo. Ukitaka kunizuia usiandike, barua hazitufai tena. Njoo mwenyewe. Nitaondoka kwa basi la asubuhi, na mpaka hapo nipo nyumbani, mlango nimeuacha wazi.

Hedwiga